Hodi Mara Tatu

Mama akiuliza niko wapi hadi usiku huu
kaka humjibu, "Yuko maktaba,"
naye huridhika, akidhani ni ile ya mjini,
yenye feni zinazolalamika na ukimya wa kuagizwa.
Maktaba yangu haina rafu.
Niko chumba cha juu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
chini yangu duka la vipuri vya baiskeli,
naazima msimbo wa watu nisiowajua.

Kazi yenyewe ni maziwa:
lita zinazoshuka kutoka Pongwe na Muheza
kabla jua halijachachamaa,
kila mfugaji na namba yake.
Mwanzo niliandika programu moja,
shuka fupi la watu wengi;
ukivuta huku, kule miguu inabaki nje.
Nikaikata. Huduma ya mizani (si ya shairi, ya madumu),
huduma ya malipo, huduma ya ujumbe,
vijumba vitatu, kila kimoja na mlango wake,
na juu ya kila mlango sheria ya mji huu kwa mgeni:
waja leo, waondoka leo.
Ombi liingie, lijibiwe,
lisiache hata kandambili kizingitini.

Lakini kusimama mezani kwangu si kusimama.
Mezani hakuna masika,
hakuna wafugaji mia sita wanaobisha pamoja
saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Jumanne ile malipo yaliganda.
Hifadhidata ilikuwa imekufa tangu alfajiri,
na kila sekunde kumi mlinzi alipita akiuliza, "Hujambo?"
na huduma yangu, kwa adabu iliyoirithi kwetu,
ikajibu, "Sijambo."
Sijambo, na homa imepanda.
Sijambo, na haioni, haisikii, haina senti mfukoni.
Mhina Shekalaghe alinipigia kutoka Muheza. Hakutukana.
Alisema tu, "Binti, karo ya mwanangu imo ndani ya mashine yako."

Usiku huo ndipo nilipoifungua maktaba kwa kweli,
nikaisoma kama barua ya deni.
Aliyeiandika, popote alipo, aliumwa kabla yangu;
unaona kwenye mistari: hapa aliungua,
hapa akaweka kitambaa cha kushikia sufuria.
Alikifunza kijumba kusema "Siwezi" bila haya,
mlinzi akawapeleka wageni mlango wa pili.
Alikifunza kubisha:
hodi, unyamaze kidogo;
hodi, unyamaze zaidi;
hodi ya tatu, kisha rudi ulikotoka, mwenye nyumba ana lake.
Nilicheka peke yangu. Haya si ndiyo
shangazi Mwanakombo alinifunza nina miaka sita,
na kofi juu yake?
Na subira, ile inayovuta heri,
aliipa sekunde tatu tu.

Tena alijua kufunga.
Alifunga kama Bwana Fakhrudin hapo chini:
mlango hushushwa nusu,
waliomo wamaliziwe, hesabu iingie daftarini,
wa nje waambiwe kesho.
Mimi nilikuwa nazima kama anayepuliza kibatari
watu mikono ingali sahanini.

Changu kilikuwa kipande kimoja: saa.
Maktaba huhesabu siku tangu usiku wa manane,
Mhina huhesabu tangu jua.
Nikaweka mistari saba kati yao, wasigombane.
Mengine yote ni ya kuazima,
na bado sijui kama nione haya.

Leo, saa kumi na mbili na robo,
mlinzi akapita. "Hujambo?"
Huduma ya malipo ikasema, "Siwezi, ningoje."
Sijapata kufurahia ugonjwa namna ile.
Dakika ikapita. "Sijambo."
Nikaamini.

Kutoka Muheza, neno moja kwenye simu: "Imeingia."
Kisha Mama, kwa sauti ya usingizi,
anataka kujua hiyo maktaba hufungwa saa ngapi.
Bado, Mama.
Kuna watu ndani.